Nilipohamia Upande wa Mteja

Kwa miaka 14, kila Ijumaa jioni nilijaza fomu ya saa. Aliyewahi kufanya kazi kwa wakala wa matangazo anaijua: unaikatakata wiki yako vipande vya dakika 15, na kila kipande unakiandikia jina la mteja na namba ya kazi. Hata zile dakika ulizokaa kimya ukitafuta neno lililokukimbia, nazo lazima zipate mteja wa kuzilipia. Ijumaa yangu ya kwanza baada ya kuhamia idara ya matangazo ya kampuni ya bima nilibaki mezani huku wenzangu wameshafunga kompyuta, naisubiri fomu. Mwisho nikamuuliza jirani yangu inajazwa wapi.

"Fomu gani, dada?"

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua mkoba wake. "Huku tunajaza ya likizo tu. Nenda kapumzike."

Nilitoka mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Ilipita karibu mwaka ndipo nikaelewa kwamba pamoja na mzigo ule nilikuwa nimetua kitu kingine. Ile fomu niliyoichukia ndiyo iliyokuwa ikiniambia kila wiki kwamba yupo mtu anayelipia ninachokiandika.

Wakala wa matangazo huuza saa za watu wake. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wakala aliishi kwa kamisheni: akimnunulia mteja nafasi gazetini, redioni au kwenye televisheni, alibaki na sehemu ya bei, na kiwango kilichozoeleka kilikuwa asilimia 15. Maandishi na michoro vilikuja humohumo. Baadaye wateja wakubwa wakaanza kuhoji kwa nini wakala alipwe zaidi kwa sababu tu nafasi imepanda bei, na malipo yakahamia kwenye ada na saa. Kwa vyovyote vile, kwenye jengo la wakala mwandishi wa maneno na msanifu wa picha ndio kiwanda. Mhasibu akikuona umekaa bila kazi anaingiwa na wasiwasi, kwa kuwa wewe ndiye mali iliyo sokoni.

Kwenye kampuni ya bima mali iliyo sokoni ni bima. Wanaoleta fedha ni watu wa mauzo. Wanaozilinda ni wale wanaopima hatari na wale wanaoshughulikia madai. Sisi wa matangazo tumo vitabuni upande wa gharama. Hakuna aliyenitamkia hilo kwa ubaya. Niliona mwenyewe siku ya kupanga bajeti, jedwali likiwa ukutani: mstari wetu ulikaa kati ya ukarabati wa ofisi na mafunzo, na swali la kwanza lililoulizwa kuuhusu lilikuwa unaweza kupunguzwa kwa kiasi gani. Mtu aliyetoka mahali ambapo kazi yake ndiyo bidhaa, jambo hili humchoma mahali ambapo hakujua kama pana kidonda. Niliwaona wenzangu kadhaa wakihama kama mimi na kurudi walikotoka kabla mwaka haujaisha. Kazi hawakushindwa nayo. Walishindwa na huo mstari.

Nilikuwa na miaka 41 nilipohama. Wengi hudhani sababu ni kukesha ofisini na wikendi zilizoliwa na zabuni, na kweli nilichoka. Lakini kuchoka peke yake kusingenitoa. Nilikuwa nimechoka tangu nina miaka 27. Yalinitoa mambo mawili. La kwanza, mara mbili niliona mteja mkubwa akiondoka na timu nzima ikipewa barua za kuachishwa kazi wiki iliyofuata, watu hodari ambao kazi yao haikuwa na dosari yoyote. Mteja alikuwa amepata mkurugenzi mpya wa masoko, na mkurugenzi huyo alikuja na wakala aliyemzoea. Nikaitazama sakafu yetu, nikahesabu waliozidi miaka 40. Hawakufika watano. Nikajiuliza wengine wote wameenda wapi, na kwa nini sijawahi kuuliza.

La pili ni gumu zaidi kulieleza. Nilichoka kuondoka kabla ya mwisho. Brifu, yaani maelezo ya mteja kuhusu tangazo analolitaka, inaingia, unaikesha, tangazo linakwenda hewani, mnapongezana, brifu nyingine inaingia. Kama mnunuzi alifurahi au alijuta, habari hiyo haikupanda hadi kwenye meza yangu. Nilikuwa nimeandika mamia ya ahadi kwa niaba ya watu wengine na sikuwahi kuona hata moja ikitimizwa, wala hata moja ikivunjwa.

Sikuwa peke yangu njiani. ANA, chama cha makampuni yanayotangaza huko Marekani, kimekuwa kikiwauliza wanachama wake kama wana wakala wao wa ndani. Mwaka 2008 waliosema wanaye walikuwa asilimia 42. Mwaka 2013 wakawa 58, mwaka 2018 wakafika 78, na mwaka 2023 wakawa 82. Makampuni yanajenga vyumba vya ubunifu ndani ya kuta zao, na watu wanaowaita kuvijaza ni sisi tuliofundwa na mawakala. Wanatuita kwa ajili ya ustadi wetu. Wasichotuambia, pengine kwa sababu hata wao hawakijui, ni kwamba ustadi huo ukivuka kizingiti hubadilika matumizi.

Nilichokikosa mapema kuliko vyote ni mwenzangu. Bill Bernbach, mmoja wa walioanzisha Doyle Dane Bernbach mjini New York mwaka 1949, ndiye anayesifiwa kwa kuwakalisha mwandishi na msanifu pamoja, walizae wazo wote wawili, badala ya mmoja kumaliza maneno yake na kumpelekea mwingine ayapambe. Tangu hapo mawakala wengi wameajiri watu wawili wawili. Wangu nilikaa naye miaka tisa. Nilianza sentensi, yeye akachora nusu yake ya pili. Kwenye kampuni nilipewa ofisi nzuri yenye mlango, na ukimya. Wazo la kwanza karibu kila mara ni bovu; kwa wakala yupo wa kuliambia ni bovu kabla halijatoka chumbani. Huku lilitoka moja kwa moja hadi kwa wakubwa, na wakubwa, kwa kuwa waliniheshimu kama mtaalamu waliyemtafuta kwa gharama, wakalikubali. Natazama baadhi ya kazi zangu za mwaka ule wa kwanza na kuona wazi kwamba zilipitishwa na heshima.

Anayefikiria kuhama, namsihi apiganie hili kabla ya mshahara: haki ya kuajiri mtu mmoja wa kubishana naye. Mimi nilimpata mwaka wa pili, kijana wa huduma kwa wateja ambaye hakuwa ameandika tangazo maishani mwake, lakini alikuwa na sikio la jinsi watu wanavyosema mambo wakiwa na shida.

Kisha vikao.

Kwa wakala, kikao ni uwanja. Unaingia na kitu ambacho mteja hajakiona, unakifunua taratibu, unamwacha apumue, kisha unampa picha ya mwisho. Nilikuwa hodari kwa hilo. Mwezi wa pili nikaandaa wasilisho la namna hiyohiyo kwa kamati ya uongozi: jina jipya la huduma, kaulimbiu mpya, filamu ya sekunde 60 iliyochorwa picha kwa picha. Nilipomaliza chumba kilikuwa kimya. Mkuu wa fedha alifunga daftari. Mkuu wa madai aliniuliza kwa upole kama nimewahi kufika idarani kwake. Mwenyekiti akasema, "Ahsante sana, tutalitafakari," na wazo likafia hapo.

Jioni bosi wangu akaniita. Ni mama mtulivu, aliyeanzia kazi kwenye dawati la kuandika bima nami nikiwa bado shule.

"Uliongea na nani kabla ya leo?"

Nikamjibu sikuongea na mtu, nilitaka waone kitu kipya.

Akanitazama kwa muda. "Mwanangu, hawa ndio watakaoulizwa na bodi kuhusu hilo tangazo. Usiwashtue mbele ya wenzao. Mtu ukimshtua mbele ya wenzake, hata akipenda atakataa."

Kuanzia siku hiyo nikaanza kuzunguka na karatasi moja. Sikubeba slaidi wala picha, karatasi tu yenye wazo kwa maneno manne au matano, nikaketi kwenye meza ya mtu mmoja mmoja na kumuuliza: hili litakuumiza wapi? Nilidhani nakwenda kutafuta kura. Nikakuta napata kazi iliyo bora. Dada mmoja wa kupima hatari alilitazama kundi nililolikusudia, madereva vijana walionunua gari lao la kwanza, akavuta jedwali. Ndio waliokuwa na ajali nyingi kuliko wote tuliowaandikisha. Kwa bei tuliyokuwa nayo, kila kijana ambaye tangazo langu lingemvuta angeigharimu kampuni zaidi ya alicholipa. Tangazo lingefanikiwa, na mafanikio yake ndiyo yangekuwa hasara. Kwa miaka 14 niliandikia makampuni ya bima bila mtu kuniambia jambo hili, na mimi bila kuliuliza. Brifu ilisema "vijana", nikaandika vijana.

Miezi hiyo ndipo nilipousoma kwa makini waraka ambao watu wa masoko huutaja sana. Tarehe 13 Mei 1931, Neil McElroy, kijana wa miaka 26 wa Procter & Gamble, aliandika kurasa tatu kuomba aongezewe watu. Alikuwa akihangaika na matangazo ya sabuni ya Camay, iliyofunikwa na Ivory, sabuni ya kampuni hiyohiyo. Akapendekeza kila chapa, yaani kila bidhaa yenye jina lake sokoni, iwe na mtu wake, na akaorodhesha wajibu wa mtu huyo. Kwangu mimi niliyelelewa na mawakala, kilichonisimamisha ni mpangilio wa orodha. Haianzi na tangazo. Inaanza na kuchunguza kwa makini mzigo wa chapa hiyo unaotoka. Unapotoka vizuri, tafuta kilichofanya utoke ukakijaribu kwingine. Unapotoka vibaya, nenda mwenyewe eneo hilo ukaonane na wauzaji na watumiaji ujue tatizo. Usimamizi wa chapa wa leo huhesabiwa umeanzia kwenye kurasa hizo. Nilikuwa nimejiita mtu wa chapa kwa muda mrefu, na hakuna siku niliyokwenda eneo lolote kuonana na yeyote.

Nilikuja kwenda, ila kwa kuitwa.

Mwezi wa saba niliandika tangazo la bima ya magari: "Dai leo. Fidia ndani ya saa 48." Halikuwa uongo. Idara ya madai ilikuwa imeufanyia kazi utaratibu wake kwa muda mrefu, na dai dogo lenye nyaraka kamili lililipwa kweli ndani ya siku mbili za kazi. Kitengo cha sheria kikapitisha mstari kwa sharti la maandishi madogo chini yake: saa 48 huanza kuhesabiwa nyaraka zote, ikiwemo ripoti ya polisi, zikishakamilika, na ni saa za siku za kazi. Niliyaweka chini kabisa, kwa udogo ulioruhusiwa, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Maandishi ya chini kwa mwandishi wa matangazo ni ushuru wa kupita, unalipa, unaendelea. Watu walilipenda tangazo. Simu za kuuliza bei ziliongezeka na watu wa mauzo wakaanza kunisalimia kwa jina.

Wiki ya tano mkuu wa madai akanipigia. Sauti yake haikuwa na hasira. "Dada, una saa moja? Shuka huku kwetu."

Ni chumba kirefu chenye safu mbili za meza, kila mtu na hedifoni yake. Akanikalisha kando ya binti mmoja na kuniunganishia hedifoni ya pili. Simu ya kwanza ilikuwa ya mwanamume aliyegongwa kwa nyuma Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, na alikuwa amezihesabu saa vizuri kabisa. Binti akamweleza kwamba ripoti ya polisi haijatufikia. "Tangazo lenu halikutaja polisi," akasema, na alisema kweli, kwa sababu neno polisi lilikuwa chini kule kwenye herufi ambazo hata mimi mwenyewe niliziinamia kuzisoma.

Simu ya tatu alipiga mama mmoja mwenye sauti ya chini. Hakufoka, na nafikiri angefoka ningelichukulia kirahisi zaidi. Gari lake ndilo lililokuwa likipeleka bidhaa kwa wateja wake. Fundi hakuanza kazi hadi aone malipo. Akasema, "Mimi wateja wangu niliwaambia wanivumilie siku mbili. Niliwaahidi siku mbili kwa sababu ninyi mliniahidi siku mbili. Sasa leo ni siku ya tisa, nawaambia nini?"

"Pole sana mama," binti akasema. Kisha akanyamaza kidogo, macho yakashuka kwenye karatasi iliyobandikwa kwa gundi kwenye ukingo wa kioo cha kompyuta yake.

Nikaitazama hiyo karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, imefutwa na kuandikwa upya mara tatu au nne, wino wa rangi tofauti. Juu ilikuwa na kichwa, "Wakiuliza saa 48". Chini yake: "Tukishapata ripoti ya polisi na makadirio ya fundi, tunalipa ndani ya siku mbili za kazi. Kilichobaki kwako ni kimoja. Ngoja tukitafute pamoja sasa hivi." Nikazungusha macho. Kila meza ilikuwa na nakala yake. Walikuwa wamekaa, watu hawa ambao hakuna anayewaita waandishi, wakatunga kwa pamoja maneno ya kuzibia ufa niliouacha mimi, na kila mwenye simu ngumu alirudi na sahihisho. Zilikuwa sentensi bora kuliko yangu. Kila neno pale lilikuwa limejaribiwa kwa mtu mwenye shida.

Nilikaa saa tatu. Kitengo cha sheria kilikuwa sahihi. Mimi nilikuwa nimefuata kila kanuni ya kazi yangu. Na yule mama alikuwa amedanganywa.

Nilimwomba binti ile karatasi. Akanipa akiwa na wasiwasi, akidhani amekosea mahali. Tangazo jipya nililiandika nikiwa nimeiweka mbele yangu, na sehemu kubwa ya maneno ni yao: ukipata ajali, tuletee vitu hivi viwili, tukishavipata tunalipa ndani ya siku mbili za kazi. Herufi zote za ukubwa mmoja. Tukaomba pia kila anayetoa dai apate ujumbe wa simu siku hiyohiyo unaomtajia nyaraka iliyopungua, jambo ambalo halikuwa tangazo kabisa na ambalo kwa wakala nisingeweza hata kulipendekeza, maana lisingekuwa na fungu la kulipia. Nilibishana wiki mbili na watu wa mifumo ya kompyuta kulipata. Kati ya yote niliyoyaandika katika miaka 20 ya kazi, sidhani kama yapo maneno yaliyomsaidia mtu zaidi ya ule ujumbe, na hayana kaulimbiu.

Fedha ni somo lingine, nitalipitia upesi. Kwa wakala nilizoea kuwatajia wateja utafiti wa Les Binet na Peter Field wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, unaoonesha kwamba kwa wastani mgawo unaofaa ni takribani asilimia 60 ya bajeti kujenga chapa kwa muda mrefu na 40 kuchochea mauzo ya sasa. Niliutaja kama ngao. Nilipomtajia mkuu wa fedha akaniuliza, kwa nia njema kabisa, hiyo 60 ataiona kwenye ripoti ya robo mwaka ipi. Sikuwa na jibu, kwa sababu kwa wakala hakuna aliyenibakiza kwenye kazi moja muda wa kutosha niulizwe mara ya pili. Tukakaa tukatafuta pamoja, tukaipata kwenye uhuishaji wa bima, yaani mteja kuikata tena inapoisha: watu wanaotufahamu na kutuamini huhuisha bila kutafutiwa punguzo, na punguzo lisilotolewa ni fedha anayoiona. Tangu hapo hatubishani tena kama chapa ina maana. Tunabishana kuhusu namba, na huo ni ubishi ninaoupenda.

Kuwa mteja nako ni kazi, na hakuna anayeifundisha. Bado tunatumia wakala wa nje kwa kampeni kubwa, kwa hiyo leo mimi ndiye niliyekuwa nikimlalamikia usiku wa manane. Nilipokaa kwenye kiti hicho nikaona kwa nini maoni ya mteja huja yakigongana: yanatoka kwa watu saba ambao hawajakaa chumba kimoja, na aliyeyabeba anaogopa kumwambia mkubwa wake hapana. Sasa nayakusanya yote kwanza, tunagombana humu ndani hadi tuelewane, kisha naandika ukurasa mmoja wenye sauti moja. Brifu siandiki hadi niweze kusema kwa sentensi moja ni mtu gani tunataka afanye nini anachokataa kukifanya leo, na kwa nini anakataa. Ni kazi ngumu. Nilipokuwa kule nilidhani brifu mbaya ni uvivu wa mteja. Mara nyingi brifu mbaya ni kampuni ambayo haijakubaliana na nafsi yake.

Na ankara. Wakala mdogo hufa kwa kusubiri malipo ya siku 60 au 90 huku mishahara ikidaiwa kila mwezi. Niliishi hofu hiyo, nikajua maana ya mkurugenzi kuzunguka ofisini bila kumtazama mtu. Hivyo ankara ya wakala hailali mezani kwangu. Naisaini siku inapofika na naifuata kwa miguu hadi uhasibu.

Nimepoteza vitu, na sitaki kuvificha. Kasi imepotea; kitu tulichokimaliza kwa wiki sasa kinachukua robo mwaka. Kabrasha langu la kazi limekuwa jembamba, na anayetarajia kurudi kwa wakala ajue kwamba kila mwaka wa upande huu unamfanya aonekane mgeni kule. Tamasha la Cannes Lions, ambalo limekuwa likitoa tuzo za matangazo tangu mwaka 1954, lilikuwa likinikosesha usingizi kila Juni. Mara ya kwanza niliposahau kutazama washindi nililia kidogo, peke yangu, ndani ya gari. Nilikuwa nimempoteza mtu niliyekuwa. Na mkono unakufa ganzi usipouchezesha: katika vikao na majedwali unaweza kumaliza mwezi bila kuandika sentensi moja yako. Mimi huandika nusu saa kila asubuhi kabla ya kufungua barua pepe, hata kama ni kuandika upya barua ya kukataa dai, na barua za kukataa dai zinahitaji mwandishi kuliko tangazo lolote.

Wanaonipigia kuniomba ushauri huuliza mshahara. Nawaambia waulize vitu vingine kwenye usaili. Neno la mwisho juu ya tangazo ni la nani, na mtu huyo yumo kwenye mnyororo wako wa uongozi au yuko idara nyingine? Aliyekuwa kwenye nafasi hii alikwenda wapi? Bajeti ikikatwa katikati ya mwaka, hukatwa wapi kwanza? Na waombe kutembezwa jengo zima kabla ya kusaini, hasa sakafu ambayo simu zinapokewa. Kampuni inayosita kukupeleka huko imeshakujibu.

Mwezi uliopita wakala wetu alileta kampeni mpya. Aliyewasilisha ni mwandishi kijana, mzuri kweli, mwenye mikono inayocheza anapoongea. Kaulimbiu yake ilikuwa "Tupo nawe papo hapo." Picha zilikuwa nzuri, kikao kikatabasamu. Alipomaliza akanitazama na lile jicho ninalolifahamu, la mtu aliyekesha siku tatu na anayetaka kusikia neno moja tu.

Nikamwambia kazi yake ni nzuri, kwa sababu ilikuwa nzuri. Kisha nikamuuliza, "Mdogo wangu, una saa moja?"

Tukashuka ngazi. Yule binti wa siku ile sasa ndiye msimamizi wa chumba, na kwenye ukingo wa kioo chake kuna karatasi nyingine, ya jambo jingine. Akamvutia kijana kiti, akamvisha hedifoni ya pili, akamwonesha pa kuongezea sauti. Kijana alikuwa bado anazungusha kalamu vidoleni. Simu ikaingia. Binti akataja jina lake na kusalimia, akasikiliza, akasema, "Pole sana baba, ilikuwa lini?" na kalamu ikaacha kuzunguka. Nikawaacha hapo, nikapanda juu kusaini ankara yao.